Benchi la Jua

Mmeniomba niwaandikie, nyinyi wauguzi mnaoanza kazi mwaka huu, na yule aliyenipigia simu akasisitiza kwamba iwe "kitu cha kutia moyo." Hilo la moyo siahidi. Ninaandika nikiwa Nkubu, mwezi wa saba, nimejifunika shali mchana, na tangu juzi sijakiona kivuli changu. Mtu aliyestaafu, magoti yanamuuma, halafu hata jua limnyime uso, msimtarajie aandike nyimbo za harusi.

Nitawaandikia habari za jua. Msicheke. Nimekuwa mkunga maisha yangu yote ya kazi, na kwa sehemu kubwa ya maisha hayo jua lilikuwa mojawapo ya dawa zetu, ila hili halikuwa na kabati wala ufunguo.

Mnajua tayari, maana mmesoma kutushinda sisi, kwamba watoto wengi wachanga hugeuka manjano kidogo wakishapata siku mbili tatu. Ini lao bado halijaizoea kazi, damu inavunjikavunjika, na ile rangi inabaki mwilini. Mwanga ukiipiga ngozi, rangi inalegea na kutoka na mkojo na choo. Wengi hupona wakinyonya tu. Wachache hawaponi hivyo, na hao wachache ndio sababu ya mimi kushika kalamu. Hospitali kubwa zina taa ya buluu ya kumlaza mtoto chini yake. Sisi tulikuwa na benchi.

Lilikuwa benchi refu la mbao ya mgrevilea, kwenye kituo kidogo cha afya upande wa juu wa Kibugu, mahali ambapo mashamba ya majani chai yanakaribia msitu. Jina la kituo nitaliacha, kwa sababu watu wake wengine wako hai na hawakunituma niwaseme. Mkunga mkuu alikuwa Sista Marigu, Mwembu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima bila kuipandisha. Mimi nilitoka huku Imenti, Meru, na kwa hivyo tangu siku ya kwanza jina langu halikuwa Kagendo, lilikuwa "wewe Mmeru." Aliniita hivyo mpaka siku alipostaafu.

Jengo letu lilikuwa limelala kutoka mashariki hadi magharibi, na lilikuwa na veranda mbili. Moja ilitazama msitu na mlima, nyingine ilitazama chini, barabara ya kwenda Embu. Nilipofika ilikuwa Desemba, na benchi lilikuwa upande wa barabara. Kila asubuhi akina mama walikaa pale na watoto wao, jua likiwapiga vizuri. Nikaenda likizo, nikakaa kwetu, nikarudi mwezi wa tano ukiisha, nikakuta benchi limehamishiwa upande wa mlima. Nikasema moyoni, huyu askari wa mlangoni analitumia kulalia. Nikalibeba na mpishi tukalirudisha mahali pake.

Kesho yake asubuhi akina mama wanne walikuwa wameketi kwenye kivuli kitupu, wanatetemeka, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake anajua sababu. Marigu akatokea na kikombe chake cha chai. Akatazama benchi, akatazama mbingu, akanitazama mimi.

"Nani amehamisha jua yangu?"

"Mimi nimerudisha benchi, Sista."

"Wewe Mmeru, kwenu jua inakaanga upande mmoja mwaka mzima kama chapati?"

Akina mama wakacheka mpaka watoto wakaamka. Mimi nilitamani ardhi inimeze, lakini nililibeba benchi tena, safari hii peke yangu.

Nilipopata ruhusa ya kwenda nyumbani nilimuuliza marehemu mume wangu, Baba Kinya, aliyekuwa mwalimu wa jiografia katika sekondari moja hapa karibu. Yeye swali la namna hiyo lilimfurahisha kuliko chakula. Alichukua avokado mezani, akaichoma sindano yangu ya kufumia ikapita katikati, akaiinamisha kidogo, akaanza kuizungusha pole pole kuizunguka taa ya koroboi. Sindano haikubadilisha upande iliokuwa imeegemea. Upande huu wa meza, kichwa cha avokado kilikuwa kimeinamia taa. Upande ule, tako lake ndilo lililoinamia taa.

"Jua halihami," akasema. "Ni sisi tumeinama, na tunazunguka tukiwa tumeinama hivyo hivyo. Mwezi wa sita linaonekana kupita kaskazini kwetu, upande wa mlima ukiwa Kibugu. Mwezi wa kumi na mbili linapita kusini. Machi na Septemba linapita utosini."

Mtoto wetu Kinya akauliza kama somo likiisha ataruhusiwa kuila dunia. Tuliila na chumvi.

Nilimsumbua siku nyingi na maswali yale. Nilikuwa nadhani, kama mnavyodhani wengi wenu, kwamba kwa kuwa tumezaliwa kwenye ikweta jua ni haki yetu ya kuzaliwa. Alikubali kidogo. Alisema huko kuinama kunawaumiza watu wa mbali, wale ambao mchana wao hufupika mpaka wanawasha taa wakinywa chai ya saa kumi. Sisi kunatugusa kidogo tu. Tena alisema mwezi wa saba dunia iko mbali zaidi na jua kuliko mwezi wa kwanza, ila hiyo nayo ngozi yako haiwezi kuisikia.

"Basi hii baridi ya Julai inatoka wapi?" nikamuuliza.

"Inatoka baharini, Mama Kinya. Upepo unakuja na unyevu kutoka huko chini, unagonga mlima, unapanda, unageuka mawingu. Mawingu yanakaa. Jua liko pale juu linafanya kazi kama kawaida, lakini mwangaza wake mwingi unapiga mgongo wa mawingu na kurudi ulikotoka. Nenda Timau, nyuma ya mlima, saa hii hii utakuta watu wameanika nguo."

Nilipomsimulia Marigu haya ya avokado, alisema mwalimu angeila kwanza ndiyo afikirie vizuri. Lakini nilimwona siku ile ile akilipima benchi kwa macho.

Kuna mambo ya kazi ningependa myachukue kabla sijafika mahali ninapoenda, kwa sababu nikifika huko sitakuwa na hamu ya kufundisha.

La kwanza ni sweta. Watu wa mlima huu tunamfunga mtoto mchanga kama tunampeleka vitani. Anavalishwa fulana, sweta, sweta ya juu ya sweta, kofia mbili za marvin kichwani, soksi za miguuni na soksi za mikononi, kisha shali, kisha blanketi, mpaka kinachobaki ni tundu la pua. Mama anakuja kuketi juani na furushi hilo, ameridhika kabisa. Marigu alikuwa anapita akiuliza, "Mama, unaotesha sweta jua ama unaotesha mtoto?" Basi anafungua mwenyewe, safu baada ya safu, na nyanya wa mtoto analalamika nyuma kwamba Sista anataka kumuua mjukuu kwa baridi. Nyanya hao msigombane nao. Mpe nyanya mtoto amshike uchi kwenye joto la kifua chake, atafurahi na mtoto ataonekana. Ukimwacha ndani ya furushi hutamwona, na mtoto ambaye hujamwona hujui kitu juu yake.

Halafu kuna rangi. Usiitafute manjano chini ya balbu. Zile balbu zetu za zamani zilikuwa za manjano zenyewe, kila mtoto chini yake alikuwa sawa na mwenzake. Mpeleke mlangoni au dirishani. Mbonyeze ngozi kwa kidole, uachilie, uangalie kabla damu haijarudi. Sisi ngozi zetu zinaficha, kwa hivyo angalia ufizi, weupe wa jicho, kiganja na unyayo. Kiganja na unyayo vikiwa manjano, usimalize hata chai yako. Na siku ya ukungu mzito hata mlangoni hapatoshi. Mwangaza wa siku hizo ni wa kijivu na unadanganya macho. Siku hizo umwogope mtoto zaidi, si kidogo.

Na jua lenyewe, msilidhanie ni jema tu. Kibugu iko juu, hewa ni nyembamba, na mwezi wa kwanza wakati hakuna wingu, jua la saa sita linachoma. Nilimwona mtoto aliyesahauliwa benchini mama yake akipika uji. Mgongo ulichunika kama kiazi cha kuchemsha. Ndiyo sababu tulikuwa tunasema jua la asubuhi. Asubuhi jua liko chini, mwanga wake unapita katika hewa nyingi kabla ya kutufikia, unafika umechoka. Hautaunguza mtoto. Lakini hapo fikirieni wenyewe, sisi ilituchukua muda kufikiri: jua lililo salama kwa mtoto mchanga ni jua dhaifu. Tulikuwa tunawapa dawa iliyopunguzwa makali, bila kujua tumepunguza kiasi gani, na kipimo kilikuwa mikononi mwa mawingu.

Sasa niwaambie habari za Wawira.

Alikuja kujifungua mwezi wa saba, gathano yenyewe, msimu ambao huku ukungu unashuka kutoka msituni asubuhi na wakati mwingine hauondoki mpaka kesho yake. Alikuwa msichana mdogo, ameolewa juu kabisa karibu na ua wa msitu, na huyo alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alizaa vizuri bila kelele, mtoto wa kiume, wakamwita Munyi. Siku ya kuruhusiwa, Marigu alimwambia maneno tuliyomwambia kila mama: anyonyeshe sana, na akiona umanjano kidogo asishtuke, amwoteshe mtoto jua la asubuhi. Zamu ilikuwa ya Marigu. Ingekuwa yangu ningesema maneno hayo hayo, pengine kwa haraka zaidi. Yalikuwa yametutoka mdomoni mara nyingi mno hata hatukuyasikia tena.

Wawira alikuwa mtu wa kutii. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Wale wakaidi, waliodharau habari zetu za jua na kukimbilia hospitali mtoto akikohoa tu, watoto wao wako sekondari. Wawira alifanya tulivyomwambia.

Aliporudi, siku chache baadaye, mimi ndiye niliyekuwa zamuni. Alikuja kwa miguu, furushi mgongoni, umande umemlowesha mpaka magotini. Alisema mtoto amekuwa mpole sana, halii, hata kunyonya anachelewa kuamka. Nilimbeba nikampeleka mlangoni. Nilifungua blanketi, shali, sweta, sweta. Kiganja kilikuwa manjano. Unyayo ulikuwa manjano. Nilipomgusa alijikunja kwa nyuma kama upinde, akalia kilio chembamba, cha juu, ambacho ukikisikia mara moja huhitaji kufundishwa tena.

Marigu alikuwa amesimama nyuma yangu. Akauliza, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku, "Mama, hukumwotesha jua?"

Wawira alitutazama sisi wawili. Hakuwa na hasira. Alikuwa anajitetea, kama mwanafunzi aliyefanya kazi yake na mwalimu haioni.

"Sista, mimi nilikaa na yeye inje kila asubuhi, vile mliniambia. Nilitoa yeye nguo yote. Jua ndio haikukuja."

Mwenye duka la karibu alikuwa na pikapu, akatushusha hospitali kubwa, mimi nimemshika mtoto, Wawira ameshika ncha ya shali. Njia nzima ukungu ulikuwa umetanda, na tuliposhuka chini, karibu na mjini, ukaisha ghafla. Kulikuwa na jua kali tu, watu wanauza ndizi wamevaa mashati ya mikono mifupi. Wawira alilitazama jua lile kupitia kioo. Sijui alifikiri nini. Mimi nilifikiri juu ya Timau na nguo zilizoanikwa.

Wakamweka chini ya taa. Wakambadilisha damu. Aliishi. Daktari, kijana mwenye adabu, alinieleza kando ya kitanda, Wawira akiwa amesimama hapo hapo, kwamba damu ya mama na damu ya mtoto hazikupatana, na kwamba mtoto wa namna hii alihitaji taa mapema sana, kabla hata ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Alisema yote kwa Kiingereza. Wawira alitikisa kichwa kukubali kila daktari aliposema, nami nikajua ameelewa. Watu wa huku daktari akituongelesha Kiingereza tunatikisa kichwa. Nililijua hilo, mimi mwenyewe ni mtu wa huku, na bado nikadhani ameelewa.

Marigu hakusema tena neno "jua" kwa mama yeyote. Tangu siku hiyo hakuna aliyetoka kituoni bila mtoto kufunguliwa nguo zote mlangoni, na aliyekuwa na dalili yoyote alishushwa hospitali kubwa, nyanya apende asipende. Benchi alilipeleka kwa wagonjwa wa nje na kuligeuza litazame ukuta. Lakini kumtazama Wawira, Marigu hakuweza. Niliwahi kumwona pale sokoni Kibugu akivuka barabara, kikapu kimejaa, gari linakuja, ili tu asikutane naye uso kwa uso. Alistaafu, akaugua, akafa, na katika miaka yote hiyo, baada ya mimi kumpa maneno ya daktari mara moja, tuliongea juu ya kila kitu duniani isipokuwa hicho. Nilimpenda yule mwanamke. Sijui kama nilikosea kunyamaza naye.

Wiki iliyopita nilienda Kibugu kumwona Wawira. Nilikuwa nimesikia kwamba mama mkwe wake amefariki, na pia, niseme ukweli, nilipoombwa kuandika haya niliona siwezi kuyaandika bila kumwona.

Munyi sasa ni kijana, ameanza kuota masharubu. Hasikii. Mikono yake inajipinda yenyewe, inaenda isikotumwa. Tena macho yake hayapandi. Yanaenda kulia, kushoto na chini, lakini juu hayaendi, na hilo pia ni kazi ya manjano iliyofika kwenye ubongo. Anakaa kwenye kiti cha mbao chenye mkanda alichotengenezewa na baba yake, uani, mbele ya jikoni. Mamaye anamwosha, anamlisha, anamnyoa. Ni msafi kuliko wajukuu wangu.

Tuliketi kwenye vibao. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani chai. Wawira alikuwa anamimina chai kutoka kwenye chupa wakati wingu lilipofunguka kidogo, na jua likaingia uani. Aliiweka chupa chini bila kifuniko akakimbia. Namaanisha alikimbia, mwanamke wa makamo, leso ikimdondoka. Alimgeuza Munyi na kiti chake, akamvua marvin, akamfungua vifungo vya sweta mpaka kifua kikabaki wazi. Munyi alikuwa anatazama ardhini, pale mwanga ulipoanguka, anacheka, anapiga goti lake kwa ngumi. Haikuchukua muda wingu likafunga. Wawira akamfunga vifungo kimoja kimoja, akarudi, akakuta chai imepoa.

"Kila mara unafanya hivyo?" nikamuuliza.

"Kila mara. Hata nikiwa kwa shamba nakuja mbio."

Akaniongezea chai, halafu akaiweka chupa katikati yetu na kuishika kwa mikono miwili.

"Sista, nikuulize kitu? Sijawahi uliza mtu."

"Uliza, Mama Munyi."

"Ile wakati nilikuwa nangoja jua. Kuna siku ilitoka." Alisema polepole sana. "Ilikuwa mchana. Nilikuwa nimengoja asubuhi yote, nikaona haitoki, nikamwachia shosho yake, mama mkwe, kwa nyumba, nikaenda kukatia ng'ombe nyasi hapo chini. Nikaona jua imepiga kwa nyasi. Nilitupa panga nikakimbia. Kufika hapa, imerudi ndani. Shosho yake alikuwa amemfunika, amelala. Kama ningekuwa hapa hiyo siku. Kama singeenda nyasi. Angepona?"

Wanangu, nimewazalisha wanawake wengi na nimeulizwa maswali mengi. Sijawahi kuulizwa swali lililonikata hivyo. Kijana mzima, masharubu yanaota, na muda wote huo mama yake amebeba mganda mmoja wa nyasi.

"Hapana," nikamwambia. "Hiyo jua haingemsaidia. Hata ungekaa na yeye inje siku mzima. Damu yako na yake zilikuwa zimekataana. Alikuwa anataka taa ya hospitali, na alikuwa anaitaka kabla hata mtoke kwetu."

"Hata ingetoka kila siku?"

"Hata ingetoka kila siku."

"Na huyo daktari alijua hivyo?"

"Alijua. Alisema, wewe ukiwa hapo."

"Alisema na Kizungu."

"Ndio. Alisema na Kizungu."

Nilitarajia alie, au anitukane, na haki alikuwa nayo. Aliuliza tu, "Marigu naye alijua?"

"Nilimwambia nilipotoka hospitali."

"Ndio maana alikuwa ananikimbia," akasema. "Mimi nilikuwa nafikiria ananikimbia kwa sababu nilienda nyasi."

Hapo ndipo mimi nililia. Yeye hakulia. Alinipa ncha ya leso yake nijifute.

Kwa hivyo nyinyi wachanga wa kazi, mkimruhusu mama kwenda nyumbani, msimpe maagizo yanayongoja kitu ambacho hakiko mikononi mwake. Mkague mtoto kwa mwanga mzuri, mpimeni damu, na kama kuna shaka mshusheni kwenye taa siku hiyo hiyo, kuwe na jua, kuwe na ukungu. Na mtoto akiumia, mkalishe mama chini umweleze kwa lugha anayoiotea ndoto. Msingoje atikise kichwa. Mwulize akwambie yeye alivyosikia.

Nilikuwa nimesimama kuaga, nimeshika mkoba, wingu lilipofunguka tena. Safari hii lilifunguka vizuri, uani kote kukawa na mwanga, mabati yakaanza kutoa mvuke. Munyi, ambaye hawezi kuliinulia jua macho, aliona ardhi imebadilika rangi mbele ya miguu yake na kivuli chake kimetokea, akaanza kupiga goti kwa furaha kumwita mama yake. Wawira aliinuka nusu, mkono tayari umenyooshwa kwenye kiti, kama alivyoinuka miaka yote.

Kisha akaketi tena.

"Wacha tumalize chai, Sista," akasema. "Hakuna haraka."